Mvua ya Kwanza Inaposhuka Ziwani

Ninyi mlio kwenye kikundi cha ulinzi wa ziwa, na hata ninyi mnaokuja ufukweni jioni kupiga picha tu, nivumilieni kidogo. Mimi ni mwanamke mzee ambaye mvua ikianza kugonga bati hawezi kukaa kitako. Wajukuu zangu wananicheka, wanasema Bibi anaogopa radi. Siogopi radi. Naogopa maji yanayofuata baada yake, yale mekundu, yanayoshuka na kila kitu ambacho watu wa juu na sisi wa chini tumekitupa tangu kiangazi kilipoanza.

Kazi yangu ilikuwa ya uvuvi, upande wa serikali. Mwanamume wa kazi hiyo watu humwita Bwana Samaki, kwa hiyo mimi nikawa Bibi Samaki, na wako watoto hapa wanaodhani ndilo jina nililobatizwa. Naitwa Fausta. Nimezaliwa milimani, upande wa Mbuji, kwenye nyumba ya kahawa na mahindi, na sikuwahi kugusa mtumbwi mpaka nilipomaliza chuo nikapangiwa huku ziwani. Baadaye niliolewa hukuhuku, ndiyo maana mnaniona nazeeka nikila ugali wa muhogo.

Siku ya kwanza kazini niliingia kwenye mtumbwi kama mtu anayepanda gari, nimesimama wima na mkoba begani. Mtumbwi ukageuka. Aliyenivuta kwa kola ya shati ni Mzee Andrea, aliyekuwa kiongozi wa wavuvi wa pale. Aliponiweka mchangani, natema maji, akaniambia kwa upole kabisa, "Bibi Samaki, umefanya vizuri. Umeanza kwa kuwatembelea nyumbani kwao." Ufukwe mzima ulicheka. Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Tangu siku ile akawa mwalimu wangu.

Mzee Andrea alinifundisha kuyaangalia maji kabla ya kumwangalia mtu yeyote. Ukifika asubuhi, alisema, usikimbilie kuuliza wavuvi wamepata nini. Tazama rangi ya maji pale mto unapoingilia. Tazama ndege, wako wapi na wanakula nini. Ukiona ndege wamekaa mbali na samaki waliolala mchangani, jiulize. Na samaki wakifa, tazama waliotangulia kufa ni wakubwa au wadogo. Maji yakikosa hewa kwa sababu ya tope na majani yanayooza, wakubwa ndio wanaozidiwa mapema, unawakuta midomo wazi juu ya maji. Ikiwa ni sumu, wadogo hutangulia, na kaa nao, na wadudu wa majini. Mambo haya chuoni niliyasoma, lakini kusoma ni kitu kimoja na kuyakumbuka ukiwa umezungukwa na watu wenye ndoo ni kitu kingine.

Sasa niwaambie siku nilipolazimika kuyakumbuka.

Ilikuwa mwanzo wa masika, mvua kubwa ya kwanza. Ilikuwa imenyesha milimani mchana kutwa, huku chini sisi tulipata manyunyu tu. Asubuhi yake nikaenda kwenye mlango wa Mto Luwango, ule mto mdogo unaopita nyuma ya kanisa, kuangalia kama mbasa wameanza kupanda. Mnamjua mbasa, samaki wetu wa ziwani. Mvua zikianza huacha ziwa, hupanda mtoni kwenda kutaga. Ndiyo shida yake kubwa: msimu ule uchafu unaposhuka, ndipo yeye anapopanda. Wanakutana njiani.

Nilikuta watu wengi kuliko siku ya gulio. Wanawake walikuwa wamepandisha vitenge mpaka magotini, wanaokota samaki kwa mikono, hawahitaji wavu. Magege, mbasa, vidagaa visivyohesabika, wamelala pembeni mwa maji kama vile mtu amewamwaga. Watu walikuwa wanafurahi, na lazima niliseme hilo. Ule ulikuwa wakati wa njaa, muhogo umeisha, mahindi bado, na ghafla chakula kimekuja chenyewe mpaka mlangoni.

"Bibi Samaki, na wewe lete ndoo!" aliniita Edina. Edina alikuwa mchuuzi wa samaki, jirani yangu, mama wa watoto wadogo watatu. Alikuwa na beseni limejaa.

Nikainama. Wadogo walikuwa wamekauka, macho yameingia weupe. Wakubwa kadhaa bado walikuwa hai, wanazunguka palepale kama wamelewa, wanapiga mkia kisha wanageuka tumbo juu. Kaa wamekufa chini ya mawe. Korongo mmoja alikuwa amesimama mbali kwenye mchanga mkavu, anatutazama tu.

Nikapaza sauti, "Jamani, wekeni chini! Msile! Hawa wamekufa kwa sumu!"

Unajua mtu anavyokutazama unapomwambia aache chakula? Mwanamume mmoja aliniuliza kama serikali ndiyo itakayompa mboga. Mwingine akasema nataka niwachukue mimi nikauze. Na pale barabarani, mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshapakia matenga kwenye kirikuu chake na amewasha gari. Alikuwa anakwenda Mbinga. Niliwaza soko la kule, mama zangu wadogo, shangazi zangu, watu wanaonunua samaki wa ziwani kwa hamu. Nikakimbia nikasimama mbele ya gari.

"Mama, toka njiani," alisema. "Samaki hawa jana walikuwa hai."

"Na leo kimewaua nini?"

"Mvua."

"Mvua haijawahi kuua kaa."

Akapiga honi. Nilijua kwamba akisogeza gari nitaruka pembeni, maana mimi si shujaa. Hapo ndipo Mzee Andrea alipofika. Hakugombana na mtu. Alichukua gege mmoja kutoka kwenye tenga, akamwangalia vizuri chini ya mashavu, akamkabidhi yule dereva kupitia dirishani.

"Mwanangu, hapa tuna moto," akasema. "Tumchome huyu tule pamoja. Uanze wewe, mimi nifuate."

Dereva akamtazama samaki. Akatutazama sisi. Watu walikuwa wamesogea, kila mmoja anataka kuona. Akazima gari.

Tulichimba shimo mbali na maji, juu ambako ziwa halifiki, tukamwaga samaki wote na majivu juu yake. Wapo waliolia. Na hili mlishike ninyi mnaoifanya kazi hii leo: usimwambie mtu amwage samaki na wewe ukaondoka. Baki hapo mpaka udongo urudishwe, la sivyo utakuta shimo limefukuliwa kabla hujafika nyumbani. Wala samaki hao usiwape kuku na nguruwe.

Nilimwendea padri nikamwomba apige kengele. Ilikuwa si Jumapili, kwa hiyo watu walidhani kuna msiba, wakaja mbio, wengine tayari wameanza kulia. Tukawaambia wasichote maji ya mtoni, wasioge pale, wasinyweshe mbuzi. Mama mmoja mzee alikasirika sana alipogundua hakuna aliyekufa. Alisema tumempotezea machozi.

Nilikuwa bado naongea nilipomwona Edina amekaa chini, kashika kichwa. Nikamfuata.

"Edina, nini?"

"Asubuhi," alisema. "Kabla hujaja. Nilikuwa nimeshakuja mara moja, alfajiri. Watoto wamekula, wameenda shule."

Tulikimbia wote wawili. Mwalimu alitutolea watoto darasani. Wakubwa wawili walikuwa wazima, ila yule mdogo, Rehema, alikuwa amelala nje ya darasa kwenye ukuta, mate yanamtoka, jasho linamtiririka na wala jua halikuwepo. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Edina alikuwa nyuma yangu anawavuta wale wawili, na njiani mmoja wao naye akaanza kutapika.

Sina maneno mengi ya mchana ule. Muuguzi alijitahidi, akawatundikia maji, akawapa dawa, akatuambia tukae karibu tuangalie wanavyopumua. Tukakaa. Edina hakunilaumu wala hakumlaumu mtu. Aliuliza swali moja tu, tena na tena: "Nani ameweka sumu kwenye maji?" Mimi nilikuwa naangalia kifua cha Rehema kikipanda na kushuka, na kila kikichelewa kupanda, na mimi nilikuwa naacha kupumua.

Jioni Rehema aliomba uji. Ndipo tulipolia.

Wale watoto walipona wote watatu. Nimewaambia mapema ili msiendelee kusikiliza kwa hofu hiyo, maana hofu nyingine ndiyo kwanza inaanza. Sumu ilikuwa bado iko mahali fulani juu, na mvua ya pili ilikuwa inakuja.

Kesho yake tulipanda kuufuata mto: mimi, Mzee Andrea, na mtendaji wa kijiji, kijana anaitwa Komba, mwenye viatu vizuri ambavyo havikurudi vizuri. Ukitafuta chanzo cha uchafu mtoni, usifuate mkondo mkubwa kwa haraka. Kila kijito kinapoingia, simama. Angalia upande upi una wadudu hai chini ya mawe na upande upi hauna. Wenye uhai uache, panda ule uliokufa. Tulifanya hivyo kijito baada ya kijito, tukipanda kupita mashamba ya muhogo, tukaingia kwenye miombo, tukatokea kwenye ngoro, yale mashamba ya vishimo ya mahindi mlimani. Mzee Andrea, ambaye ziwani hachoki, alikuwa anahema na kuuliza kwa nini watu wa milimani hawakuumbiwa mahali palipolala.

Tukafika kwenye kijito chenye mawe ya bluu.

Si bluu ya kung'aa. Ni kama vumbi la bluu-kijani limekaa kwenye mianya ya mawe, mahali maji yalipopungua. Komba alisema ni kutu. Mimi nilikaa juu ya jiwe. Ile rangi niliijua tangu mtoto. Baba yangu alipotoka kupulizia kahawa alirudi nayo kwenye kucha na kwenye kola. Ni kopa, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kahawa. Na kijito kile nilikuwa nakijua pia, maana nilikuwa nachota maji pale kwa kibuyu kabla sijajua kusoma.

"Bibi Samaki," Mzee Andrea aliniuliza, "umechoka?"

"Huku ni kwetu, baba," nikamwambia.

Juu ya kijito kulikuwa na ghala dogo la kikundi cha wakulima wa kahawa cha kitongoji kile. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa kaka yangu Longino, wa baba mmoja mama mmoja, ambaye ndiye aliyeuza ng'ombe wake nikaenda chuo. Tulimkuta amesimama pembeni ya korongo na jembe. Chini yake udongo ulikuwa umemeguka, na kwenye kidonda cha udongo zilikuwa zinaonekana chupa, makopo na mifuko ya dawa iliyopasuka, nyingi, na harufu inayokushika kooni.

Nilimwamkia. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Fausta. Mbona hukutuma salamu kuwa unakuja?" Halafu akamwona mtendaji. Akaelewa kwamba sikuja kumsalimu.

Alitueleza bila kuficha. Zamani kikundi kilipata dawa nyingi kuliko mahitaji, za kahawa na nyingine za wadudu, zikakaa ghalani mpaka zikaharibika. Waliambiwa wasizitumie, wasubiri watu watakaokuja kuzichukua. Wakasubiri miaka. Paa likavuja, mifuko ikaanza kuoza, na watoto walikuwa wanaingia kuchezea chupa. Basi wakazifukia. Wakachagua pembeni ya korongo kwa kuwa udongo wa pale ni laini kuchimba.

"Tulitaka kuwaepusha watoto," alisema.

"Huko chini watoto wamelazwa," nikamwambia. "Nimembeba mmoja mimi mwenyewe."

Akaegemea jembe. "Kwa hiyo umekuja kunikamatisha?"

Komba alikuwa ananitazama mimi. Aliuliza taratibu, "Mnafahamiana?" Nilitamani sana kusema tunafahamiana tu. Ningeweza. Komba alikuwa mgeni kule, na Mzee Andrea asingefungua mdomo.

"Huyu ni kaka yangu," nikasema. "Ndiye aliyenisomesha. Na shimo hili ni la kikundi chake. Andika vyote, hakuna cha kubakiza."

Longino alitupa jembe chini. Sijui angesema nini, kwa sababu ngurumo ilipiga upande wa Mkumbi, na sote tukainua macho. Wingu lilikuwa jeusi, linakuja moja kwa moja kwetu. Mvua ile ikilikuta shimo liko wazi hivyo, kila kilichobaki kingeshuka. Hapo maneno ya nani kamshtaki nani yakaisha.

Nataka vijana wa ziwani mlijue hili kuhusu Wamatengo, watu wa kwetu milimani: wanajua kuyazuia maji. Mlima mkali kama ukuta wa nyumba, wanaulima na udongo haushuki, kwa sababu wanapanga nyasi kwa mistari inayokatana, wanafukia juu, wanaacha vishimo vya kushika maji. Hiyo ndiyo ngoro. Longino alipiga kelele moja, watu wakatoka mashambani na majembe, wanaume kwa wanawake. Wengine walikata mtaro juu ya shimo ili maji yazunguke pembeni. Wengine walilaza nyasi na udongo chini yake, tuta juu ya tuta. Mimi na Longino tulijifunga mifuko ya nailoni mikononi na vitambaa puani, tukawa tunatoa chupa na tope lenye dawa tunaweka kwenye mapipa. Leo mtu akiniambia anataka kufanya hivyo nitamkataza, kuna mavazi ya kazi hiyo na wataalamu wake. Siku ile hatukuwa na mavazi, wala mtaalamu asingelifikia shimo kabla ya lile wingu.

Mzee Andrea alishika jembe kama kasia. Alikuwa analima hewani. Mwanamke mmoja alimnyang'anya, akampa kazi ya kubeba nyasi, akamwambia, "Mlamu, wewe rudi kwenye samaki wako." Mlamu ni shemeji, kwa kuwa walishajua mimi nimeolewa kwa watu wa ziwani. Hata katikati ya hofu ile watu walicheka. Kaka yangu hakucheka. Alikuwa anafanya kazi na meno yameumana, na hakuniangalia.

Mvua ilianza kabla hatujamaliza. Pipa la mwisho tuliliviringisha juu kwenye tambarare huku tunateleza. Kisha ikabaki kusimama tu na kutazama. Maji yalikuja kwa nguvu kutoka juu, yakafika kwenye mtaro, yakapanda, yakawa kama yanafikiri. Nyuma yangu mtu alikuwa anasali rozari kwa sauti ndogo. Kona moja ya mtaro ikaanza kumeguka. Longino akaruka mle ndani, akaegemea ile kona kwa mgongo wake, na mimi bila kufikiri nikaruka karibu naye. Tulikaa pale tumeegemeza migongo kwenye udongo, maji yakitupita kifuani, kama tulivyokuwa tunakaa jikoni utotoni tukiota moto.

"Yule mtoto ataishi?" aliniuliza.

"Amekunywa uji."

Akaitikia kwa kichwa. Mtaro ulishika. Haukushika wote, kidogo kilishuka, na wiki zilizofuata niliendelea kuokota samaki wadogo wamekufa mlangoni mwa mto. Lakini kilichobaki shimoni hakikushuka.

Watu wa wilaya walikuja baadaye, wakachukua mapipa, wakachukua maji kwenye chupa. Kikundi kilitozwa faini, na Longino aliitwa kuhojiwa mara nyingi mpaka mke wake akaacha kunipokea nyumbani. Miaka kadhaa sikukaribishwa kwenye ile nyumba niliyozaliwa. Iliniuma. Sisemi kwamba kusema ukweli kulinifurahisha, kulinipunguzia ndugu.

Ila Longino alishuka. Hilo lazima niwaambie. Wavuvi walimtaka aje awaeleze, na hakuna sheria iliyomlazimisha. Alikuja na basi la asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, akaketi kwenye benchi mbele ya watu wote pale ufukweni. Walimfokea. Mfanyabiashara wa kirikuu naye alimfokea, kwa sauti kuliko wote. Nilikaa pembeni, nikiomba asijibu kwa hasira, maana ana hasira.

Halafu Edina akasimama, na Rehema kamshikilia kitenge.

"Baba," alisema, "sina maneno mengi. Ulipokuwa unafukia zile dawa, wewe ulidhani mto unaishia wapi?"

Longino alikuwa analitazama ziwa, mawimbi yanavyopiga.

"Mama, mimi ziwa hili naliona tangu nizaliwe," alisema. "Kutoka shambani kwangu linaonekana, linang'aa kama bati. Lakini sijawahi kufika. Leo ndiyo mara ya kwanza. Sikuwa nimefikiri kuna mtu anakunywa humu."

Hakuna aliyefoka tena. Edina alimshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, akamshusha mpaka kwenye maji, akamwonyesha: hapa tunachota, hapa tunaosha vyombo, pale watoto wanaoga, kule mbasa wanapandia. Kaka yangu alivua viatu. Alisimama ndani ya maji na koti lake la kanisani, mzee mzima, anasikiliza.

Kabla hajapanda basi waliafikiana jambo moja rahisi. Mvua kubwa ikianza milimani, watu wa kule wapige simu huku. Tuchote maji safi mapema, tutoe watoto mtoni, tukinge ile mitaro inayoingia ziwani. Na wao wakitaka kumwaga au kufukia chochote, waulize kwanza. Longino alipiga simu hizo mpaka masikio yakamkataa. Sasa anapiga binti yake, Skola. Mnamsikia akinipigia, mnadhani ni habari za ukoo.

Sasa nageukia kwenu, na hapa ndipo panaponinyima usingizi. Ile sumu ilikuwa na shimo moja na watu wa kuwauliza. Ya leo utamuuliza nani? Mvua ya kwanza mwaka huu ilileta pampasi, chupa za plastiki, mifuko, uchafu wa vyoo vya nyumba zilizojengwa mabondeni, mafuta ya magari yanayooshwa pale darajani, na dawa za nyanya zinazopuliziwa ukingoni kabisa. Kila mmoja ametupa kidogo. Watalii wamepiga picha jua linapozama, na pembeni ya picha yao kulikuwa na godoro linaelea. Sijui mbasa wanapita wapi. Miaka hii nawaona wachache, na sitaki kuwadanganya kwamba najua watarudi.

Wiki iliyopita Skola alipiga. "Shikamoo shangazi. Huku imeanza, na ni kubwa." Nilimshukuru, nikachukua ule wavu chakavu mliouweka nyuma ya ofisi yenu, ule wa kukinga taka kwenye mtaro wa sokoni, nikauburuta mwenyewe. Pale ufukweni mlikuwa mnacheza mpira. Niliwaita. Baadhi mlikuja. Wengine mlisema, "Tunakuja, Bibi, tumalize hii dakika."

Tuliufunga upande mmoja kwenye nguzo. Upande wa pili nguzo ilikuwa imeng'oka, kwa hiyo tukaushika kwa mikono. Maji yalipofika yalikuja na taka zote za soko, wavu ukajaa, kamba ikaanza kunikata viganja. Binti mmoja wenu alikuwa mbele yangu, miguu yake inateleza kwenye tope. Akaniambia, "Bibi, achia tu, utaumia." Sikuachia. Niligeuza kichwa kuangalia nyuma, kwenye kipande cha kamba hiyo kilichokuwa kimelala bure mchangani, kuona ni nani kati yenu anakuja kukishika.